Somo la Wiki: Bunduki Kuukuu za Vita, Bei Hukaa Kwenye Namba

Mwekezaji mdogo aliyezoea hisa, viwanja na magunia ya kahawa huenda akashangaa kusikia kuwa bunduki ya vita ya mwaka 1944 nayo ina soko lake, ina madalali wake, na bei yake hupanda na kushuka kama bidhaa nyingine yoyote. Soko kubwa la bunduki hizo liko Marekani. Huko raia wanaruhusiwa kununua silaha za zamani, na ndiko zilikomiminika akiba za majeshi ya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa mara nyingine baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991.

Kwa aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala jambo ni fupi: kuwa na bunduki bila kibali ni kosa la jinai, na anayeikuta darini kwa marehemu babu yake huipeleka polisi, si mnadani. Somo hili basi ni la walioko ng'ambo wanaoingia katika biashara hiyo. Hata hivyo, mfanyabiashara yeyote wa vitu vya kale atajikuta humu.

Tuchukue mfano wa bunduki ya Kijerumani aina ya Mauser Kar98k, iliyoanza kutumika mwaka 1935. Juu ya meza ya mwuzaji ziko mbili. Ya kwanza inang'aa, mti wake mwekundu una vanishi nzuri, chuma chake cheusi hakina doa. Ya pili ina mikwaruzo, mti umefifia, na rangi ya chuma imelika pale mkono wa askari uliposhika. Mgeni wa soko hunyoosha mkono kwenye ya kwanza. Mzoefu huchukua ya pili, huigeuza, na kuanza kusoma namba.

Kiwanda cha Kijerumani kilipiga mhuri wa namba ya bunduki kwenye mtutu, kwenye chuma kinachobeba mtutu na kwenye bolti. Vipande vidogo, hata baadhi ya skrubu, vilipata tarakimu mbili za mwisho. Namba hizo zikilingana zote, maana yake bunduki imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo penye bei.

Ile inayong'aa kwa kawaida ni bunduki iliyotekwa na Warusi. Baada ya vita jeshi la Kisovieti lilikusanya maelfu kwa maelfu ya Mauser, likazifungua, likazichanganya vipande, likapaka chuma rangi upya na mti shelaki, kisha likazihifadhi maghalani. Dalili zake si ngumu kuziona: herufi X iliyopigwa kwenye chuma, mti wenye mng'ao wa shelaki, na namba ya bolti iliyochorwa kwa kalamu ya umeme ili ifanane na ya mtutu. Hiyo ya kuchora si namba inayolingana, hata mwuzaji akila kiapo. Ni bunduki halali, ina wateja wake, lakini ile iliyochakaa yenye mihuri asilia huuzwa mara mbili ya bei yake au zaidi.

Kwa kuwa tofauti ni kubwa hivyo, mafundi wa kughushi hawakosekani. Namba ya zamani husagwa na mpya kupigwa juu yake. Mnunuzi makini huangalia kama chuma kimebonyea au kuwa chembamba mahali pa namba, kama tarakimu zina umbo na kina kimoja na zile za mtutu, na kama rangi ya ndani ya mhuri ni ya umri mmoja na ya nje. Mwuzaji asiyetaka bolti itolewe ikaguliwe ameshajibu swali.

Hasara nyingine mgeni hujitafutia mwenyewe. Ameshanunua bunduki nzuri, anafika nyumbani, anachukua msasa na brashi ya waya, na siku ya pili yake mihuri ya ukaguzi iliyokuwa kwenye mti haipo tena. Katika saa moja amekula faida ya miaka. Bunduki ya aina hii hupanguswa kwa kitambaa na mafuta mepesi, basi. Vivyo hivyo zile zilizokatwa mti na kufungwa darubini zikawa za kuwindia, kama ilivyokuwa mtindo Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Hizo bei yake ni ya chuma cha kuwindia tu, na kuirudishia mti mpya hakuirudishii thamani.

Wakati mwingine bei yote hutegemea alama ndogo. Bunduki za Kijapani aina ya Arisaka zilipigwa ua la krisanthemumu lenye petali 16, nembo ya Mfalme wa Japani. Zilizosalimishwa mwaka 1945 kwa kawaida zilisagwa ua hilo kabla ya kukabidhiwa. Kwa hiyo Arisaka yenye ua zima mara nyingi ni iliyookotwa vitani, na huuzwa ghali zaidi. Maua ya kughushi nayo yapo, tena mengi.

Wakusanyaji wa Marekani hupeana onyo la kununua bunduki na kuacha hadithi. Hadithi moja inatugusa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 askari wengi wa von Lettow-Vorbeck walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja iliyotumia baruti ya moshi, na moshi huo uliwaonyesha adui mahali walipolala. Ndiyo maana ushindi wa Tanga mwezi Novemba mwaka huo, uliowapatia bunduki za kisasa za Waingereza, ulikuwa neema kwao. Sasa mwuzaji akitoa Mauser ya 1871 na kusema ilipigana Tanga, aonyeshe mihuri ya kikosi, barua, na orodha ya waliopokezana bunduki hiyo. Mauser hizo zilitengenezwa kwa wingi, na nyingi hazikuwahi kuiona Afrika. Bila karatasi, mnunuzi alipe bei ya Mauser ya kawaida na maneno ayapokee bure.

Mwaka wa kutengenezwa nao una uzito wa kisheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na hiyo haidaiwi taratibu nyingi zinazodaiwa nyingine, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yao. Kuna bunduki za Kifini za mwaka 1939 zilizojengwa juu ya vyuma vya Mosin-Nagant vya Kirusi vya miaka ya 1890. Mwaka huo umefichwa chini ya mti, na anayejua kuutafuta hupata bei ya juu kwa bunduki ambayo jirani yake ameiuza kama ya kawaida.

Mosin-Nagant hiyohiyo ni kielelezo cha mwenendo wa soko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipatikana Marekani chini ya dola 100, ikiwa imejazana madukani, na wengi waliidharau. Shehena zilipokauka bei ilipanda mara kadhaa. Waliofaidi ni wale waliochagua zilizo safi wakati ule rundo lilipokuwa kubwa.

Lakini faida ya kwenye karatasi si fedha mkononi. Duka likinunua, sharti libakize nafasi ya faida yake. Mnada nao hukata kamisheni: kwa mfano, bunduki iliyonunuliwa dola 1,000 ikiuzwa kwa bei hiyohiyo na mnada ukakata asilimia 15, mwenyewe huondoka na 850. Ni lazima ipande hadi karibu dola 1,180 ndipo arudishe mtaji wake mtupu, na muda wote huo haikumlipa gawio hata senti moja.