Mipaka ya Herufi na Mipaka ya Mofimu katika Uchanganuzi wa Maneno kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili swali moja: je, orodha moja ya mipaka ya herufi yaweza kukata kila kitenzi cha Kiswahili katika mofimu zake? Mifano mikuu ni vitenzi viwili vya tungo hizi: "Watakaporudi Issuna" na "Atakaporudi Issuna", Issuna ikiwa mahali mkoani Singida.

2.0 Ukataji kwa Mipaka

Katika lugha ya programu iitwayo Python, herufi za neno huhesabiwa kuanzia 0. Kila kipande huwekewa mipaka miwili: herufi ya mpaka wa kwanza huingizwa katika kipande, ya mpaka wa pili huachwa nje. Neno "watakaporudi" lina herufi 12. Orodha ya mipaka 0–2, 2–6, 6–8 na 8–12 hutoa wa-, -taka-, -po- na -rudi.

Orodha hiyohiyo ikitumiwa kwa "atakaporudi" hutoa at, akap, or na udi. Sababu ni kwamba kiambishi a- kina herufi moja, hivyo mipaka yote inayofuata husogea. Isitoshe, neno hili lina herufi 11 tu, lakini Python hukomea mwisho wa neno bila kutoa onyo lolote. Mtafiti asiyekagua matokeo atahesabu "akap" kuwa mofimu.

Kuhesabu kutoka mwisho wa neno nako hakutoshi. Kuondoa herufi mbili za mwisho hugeuza "shambani" kuwa "shamba", jambo ambalo ni sahihi. Lakini "Singidani", jina la ziwa lililo kando ya mji wa Singida, litageuka "Singida", na ziwa litahesabiwa pamoja na mji.

3.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mipaka haina budi kutokana na mofimu za neno husika. Viambishi vitambuliwe kwanza kwa kamusi na kanuni, kisha urefu wake ujumlishwe ili kupata mipaka. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alifuata mkabala wa kamusi na kanuni katika makala yake ya mwaka 1992 kuhusu mofolojia ya Kiswahili, akitumia modeli ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Kwa hiyo, mwanaisimu anapaswa kushiriki tangu programu inapoanza kuandikwa.