Kuzima na Kupoza: Wazimamoto Mbele ya Betri za Lithiamu

Neno zimamoto limeundwa kwa kitenzi na nomino, na ndani yake mna ahadi: wahusika wakifika, moto utazimwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba moto wa betri za lithiamu umeitia ahadi hiyo mashakani, na kwamba maandalizi ya wazimamoto yanapaswa kuanzia katika kukielewa upya kitenzi hicho.

Mfano mwafaka ni ajali iliyotokea tarehe 19 Agosti 2024 katika barabara kuu ya I-80, karibu na Emigrant Gap, California. Mwendo wa saa tisa usiku, lori la umeme aina ya Tesla Semi liliacha njia, likagonga mti na kuteremka bondeni hadi likakwama mitini. Betri zikashika moto. Kwa mujibu wa Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, wazimamoto walitumia takriban lita 190,000 za maji, na ndege ikamwaga dawa ya kuzuia moto usienee msituni. Gari moja la zimamoto nchini humo aghalabu hubeba lita 2,000 hivi. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Barabara ilifungwa kwa takriban saa 15.

Kwa nini maji mengi kiasi hicho? Moto wa kuni ukinyimwa hewa hufa. Betri ina hali nyingine. Seli ikiharibika kwa kugongwa au kwa kasoro ya ndani, mmenyuko wa kemikali huzalisha joto, joto hilo huchochea mmenyuko zaidi, kisha seli jirani nayo huambukizwa. Hali hii yaweza kuitwa mfumuko wa joto. Kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya seli zenyewe, kuifunika betri kwa povu hakuukomeshi. Maji nayo kazi yake kubwa hapa ni kupoza, na kuyafikisha panapohitajika ni shida, kwani seli zimefungwa ndani ya sanduku gumu lililoundwa makusudi lisiingie maji.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina la kusema. Kuzimwa ni tendo la mtu. Kuzimika ni hali ya moto wenyewe. Moto wa betri waweza kuzimwa mbele ya macho ya watu wote bila ya kuzimika. Aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa mengi, kwani amekwisha kuona makumbi ya nazi yakifukuta muda mrefu baada ya ndimi za moto kutoweka.

Mjini Surprise, Arizona, tarehe 19 Aprili 2019, kufukuta huko kulikaribia kuua. Safari hii halikuwa lori bali jengo dogo la betri za kuhifadhi umeme. Wazimamoto walikuta moshi mweupe, wakasubiri kwa saa kadhaa, kisha wakafungua mlango. Gesi zilizokuwa zimerundikana ndani zililipuka na kuwajeruhi vibaya baadhi yao. Ikumbukwe kwamba hawakuwa wazembe. Walikosa maarifa ambayo hakuna aliyewapa.

Mnamo mwaka 2020, Bodi iliyotajwa ilitoa ripoti iliyotokana na uchunguzi wa mioto minne ya magari madogo ya umeme. Ilibaini kwamba miongozo ya watengenezaji kwa waokoaji haikuwa na maelezo ya kutosha kuhusu namna ya kuukabili moto wa betri. Ilisisitiza pia hatari ya nishati iliyonaswa, yaani umeme unaosalia katika betri iliyoharibika, uwezao kumpiga mwokoaji au kuwasha moto upya. Ndiyo maana lori la California lilipelekwa mahali pa wazi na kuchungwa kwa saa 24. Halikuwaka tena, lakini kuchungwa huko kulikuwa sehemu ya kazi sawa na mwagio wa maji.

Jijini Nairobi, mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022, na Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Mafunzo yatakayowafikia maafisa hao hayana budi kutamka wazi maneno poza, pima joto, kaa mbali, chunga hadi kesho. Afisa aliyefunzwa kuzima tu atakunja mipira yake ya maji mapema mno.