Majibu yanasema hakuna mbegu

SWALI: Nina miaka 37 na sijabahatika kupata mtoto. Mke wangu amekunywa dawa za chango mpaka amechoka, kumbe nilipopima mimi, majibu yakasema manii hayana mbegu hata moja. Daktari anashauri zitafutwe korodanini kwa upasuaji. Shemeji ananihimiza nichome kwanza sindano za homoni ya kiume. Mke sijamwambia. – G., Tanga

JIBU: Ndugu G., kwanza mkatalie shemeji. Homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Wapo waliokuwa nazo zikapotea kwa sindano hizo hizo. Kama umewahi kuzichoma, hata za jimu, mwambie daktari.

Halafu usiende kwenye kisu kwa karatasi moja. Rudia kipimo, na maabara izungushe manii kwenye mashine ichunguze mashapo yake. Swali lenyewe ni hili: njia imeziba, au mbegu hazitengenezwi? Daktari atazipapasa korodani na kupima homoni kwenye damu. Ikiwa mirija imeziba, labda kwa kisonono cha zamani au operesheni ya henia, mbegu zipo, na mara nyingi sindano nyembamba huzipata kwa ganzi tu. Ikiwa tatizo ni utengenezaji, korodani hufunguliwa na daktari akatafuta kwa hadubini vijirija vilivyonenepa kuliko vingine. Hapo ni kama nusu tu ya wanaume hupatikana na mbegu. Dai kipimo cha vinasaba kabla: kuna vipande vya kromosomu Y ambavyo vikikosekana, upasuaji ni kujiumiza bure.

Zikipatikana, ni chache na dhaifu, haziwezi kufika zenyewe. Kila moja hudungwa ndani ya yai maabara, njia iliyoleta watoto wake wa kwanza Ubelgiji mwaka 1992. Mayai hayo ni ya mkeo. Yeye ndiye atakayechomwa sindano za kuyakuza na kuyatoa, na umri wake una uzito kuliko wako. Kwa hiyo uliza bei ya safari nzima, si ya operesheni peke yake, na kama wanaweza kuzigandisha mbegu zitakazobaki.

Sasa utaficha nini? Mwambie leo, mkiwa wawili, kabla hujalipia chochote. Na dawa za chango zikome leo hii.