Mashua inapanda mulima namna gani?

Katika somo la jiografia wengi wetu tulicheka tuliposikia kwamba mashua inaweza kupanda mulima. Basi wandugu, tuangalie pamoja.

Kule Ufaransa kuko mufereji uliochimbwa kwa mikono, Canal du Midi, toka Toulouse mpaka karibu na Sète kwenye bahari, kilometa 240. Pierre-Paul Riquet aliuanza mwaka 1666. Alikufa 1680 na madeni mengi. Mufereji ulifunguliwa 1681, yeye hakuuona. Zamani farasi walivuta mashua za mizigo. Leo wanaopita ni watu wa vakansi: wanakodi mashua yenye vitanda na jiko, wanakwenda kilometa 8 kwa saa. Mutu wa kinga anawapita!

Lakini njia inapanda mpaka Naurouze, meta 189 juu ya bahari, kisha inashuka. Ndiyo sababu kuko eklize, ni kusema chumba cha mawe chenye mulango mbele na nyuma. Mashua inaingia kwa mulango wa chini, unafungwa. Wanafungua vitundu vya mulango wa juu, maji yanaingia, mashua inainuka polepole. Maji ya chumba yakilingana na yale ya juu, mulango unafunguka. Mbele ya hapo hata wanaume kumi hawawezi, maana maji yenyewe yanausukuma. Hakuna pompe.

Mwalimu akauliza: Kila mashua ikipita, maji ya chumba yanashuka wala hayarudi. Basi ya kule juu yanatoka wapi? Tulinyamaza. Hapo ndipo akili ya Riquet: alikusanya vijito vya Montagne Noire, akafanya ziwa la Saint-Ferréol, kusudi Naurouze isikauke.

Taabu ziko pia. Wakati wa kupanda maji yanavuruga, asiyeshika kamba anagonga ukuta. Wakati wa kushuka ni kinyume: ukifunga kamba kwa nguvu, maji yanaondoka na mashua inabaki inaning'inia! Mwenye eklize akienda kula, mungoje. Na tangu 2006 miti ya kivuli ina ugonjwa, elfu nyingi imekatwa; jua linachoma.

Kwetu, kati ya Ubundu na Kisangani, pale mto unapoanguka, wakoloni hawakujenga eklize. Waliweka reli, kilometa 125.

Wa mwaka wa tano wamefanya eklize ndogo ya mbao na bati. Inavuja, lakini kijiti kinapanda. Muje kuiona nyuma ya darasa.