Alama ya yuro kwenye printa ya risiti

Swali: Programu yangu ya mauzo inaonyesha € vizuri kwenye skrini, lakini risiti inatoka na Γé¼. Je, printa ni mbovu?

Jibu: Printa ni nzima, na ushahidi ni hizo herufi tatu zenyewe. Programu yako inatuma maandishi kwa UTF-8, ambamo alama ya yuro ni baiti tatu: E2, 82 na AC. Printa nyingi za risiti zinazotumia amri za ESC/POS hazisomi UTF-8. Huchukua kila baiti peke yake na kuitafuta kwenye jedwali la herufi lililochaguliwa. Katika jedwali 437, E2 ni Γ, 82 ni é, na AC ni ¼. Printa yako imechapa ilichotumiwa, kwa hiyo kubadilisha fonti ya kompyuta hakutasaidia kitu. Tuma ESC @ (amri ya kurudisha printa kwenye mipangilio ya mwanzo), kisha ESC t 19 (baiti 1B 74 13), ambayo kwenye printa za Epson huchagua jedwali 858, halafu baiti moja tu: D5. Usigeuze mpangilio huo, maana ESC @ ikija baadaye inafuta uchaguzi wako.

Wapo watakaokushauri uchape alama kama picha. Inawezekana, ila unaongeza data kwa kila mstari wa bei ili kukwepa kazi ya baiti chache. Kuandika EUR ni halali kabisa, lakini jina la mteja lenye é litaharibika vilevile. Pingamizi lenye uzito ni kwamba namba 19 si ya watengenezaji wote. Hapo fungua mwongozo wa printa yako kabla ya kugusa programu.