Namba 4,294,967,297: Utasa, Vigawo na Utaji Wake katika Kiswahili

Aghalabu hudaiwa kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kubeba hoja za hisabati. Dai hilo hukaririwa pasi na kupimwa. Makala haya yanalipima kwa namba moja tu: 4,294,967,297.

Mnamo 1640, Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba zinazopatikana 2 inapopandishwa kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1. Namba hizo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba, kipeo kikizidi kuongezwa maradufu, kila namba itakayofuata itakuwa tasa vilevile. Ya sita, yenye kipeo cha 32, ndiyo 4,294,967,297. Mnamo 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Kumbe aliyedhaniwa tasa alikuwa na wana wawili! Hadi leo haijapatikana namba nyingine tasa ya aina hiyo baada ya 65,537.

Ithibati yake yaelezeka kwa Kiswahili bila kubuni neno jipya. Ichukuliwe 640 katika kipeo cha nne, ipunguzwe 1. Tofauti hiyo hugawanyika kwa 641, kwa kuwa namba yoyote katika kipeo cha nne, ikipunguzwa 1, hugawanyika kwa namba inayoizidi ile ya awali kwa 1. Sasa, 640 ni 5 mara 128. Kwa hivyo kipeo chake cha nne ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Ikiongezwa 16 mara 2 kwa kipeo cha 28, ambayo ndiyo 2 kwa kipeo cha 32, jumla huwa 641 mara 2 kwa kipeo cha 28. Jumla hii nayo hugawanyika kwa 641. Ile tofauti ya kwanza ikiondolewa katika jumla hii, kinachosalia ni 2 kwa kipeo cha 32, na 1 juu yake: namba yetu yenyewe.

Hapa 641 ni kigawo na 4,294,967,297 ni kigawe. Mzizi ni ule ule, -gawa. Kiishio -o chaashiria kinachogawa, na -e chaashiria kinachogawanywa, kama ilivyo katika 'kiumbe' na 'mteule'. Vokali moja hubeba tofauti nzima.

Tatizo halisi limo katika kuitaja. 'Elfu mia tisa sitini na saba' ni 967,000 au ni 900,067? Katika maandishi mkato husaidia. Katika usemi, msikilizaji huachwa akikisia. 'Laki tisa na elfu sitini na saba' haina utata wowote. Kwa hivyo wanaolitupa neno laki, ati kwa kuwa lina asili ya Bara Hindi, wanakosea: mia na elfu zilitoka Uarabuni, milioni na bilioni Ulaya, na hakuna anayezikataa. Kwa mamilioni, hata hivyo, laki haifai kitu. Huko msemaji hana budi kulirudia neno lenyewe: bilioni nne, milioni mia mbili, milioni tisini na nne, laki tisa, elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba.