Kiko cha bei nafuu na tumbaku inayofaa Pwani

Mvuta kiko wa Bagamoyo ana adui ambaye mwenzake wa Arusha au Iringa hamjui vizuri: unyevu. Masika yakianza mwezi Machi, chumvi inalowa ndani ya kichupa, kiberiti kinagoma kuwaka, na tumbaku iliyoachwa wazi inaota ukungu. Ule ushauri wa Ulaya wa kutia kipande cha tofaa ndani ya kopo ili tumbaku isikauke, huku kwetu ni wa kutupa. Anayenunua kiko na tumbaku Bagamoyo, Saadani, Bunju au Kunduchi aulize kwanza, kabla hata ya bei na harufu: kitu hiki kitashika maji kiasi gani?

Kiko cha mwambao cha zamani kiliwekwa maji kwa makusudi. Juu palikuwa na bori la udongo lenye tumbaku, digali likashuka mpaka kwenye kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na shilamu ikapeleka moshi mdomoni. Kiko cha leo hakina chombo cha maji, lakini maji yanakuja tu, kutoka kwenye tumbaku yenyewe na kwenye mate ya mvutaji. Yakijaa, kiko kinaanza kugugumia, moshi unakuwa mchungu, na mgeni wa mambo haya anadhani kauziwa tumbaku mbovu.

Kwa anayeanza na mwenye pesa kidogo, kiko cha gunzi la mahindi hakina mpinzani. Kiwanda cha Missouri Meerschaum, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, kimekuwa kikivitengeneza tangu 1869. Gunzi linanyonya unyevu, halihitaji kuzoeshwa kwa muda mrefu, na likiungua unanunua jingine bila uchungu. Ubaya wake ni mwonekano: halina heshima ya kukaa nalo barazani mbele ya wageni. Hilo ni la macho tu, ulimi haulijui. Kama una ndugu anayerudi kutoka Marekani, mwagize viwili badala ya kimoja kikubwa cha fahari.

Viko vingi vya kizungu vinachongwa kwa braia, yaani kile kivimbe kigumu kinachoota kwenye mzizi wa kichaka cha Erica arborea cha nchi za Mediterania. Ni mti usioshika moto kirahisi. Kichaka hicho kinaota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, lakini kuni za hifadhi si mali ya fundi wa viko, usijaribu. Katika braia, rahisi inaweza kuwa ghali: kiko kipya cha bei ya chini mara nyingi kimepakwa rangi nzito ili kuficha mashimo yaliyozibwa, na rangi hiyo inazuia mti kupumua. Bora ununue kiko kilichotumika, cha mtengenezaji mzuri, ukisafishe.

Kisha kuna kiko chetu wenyewe, ambacho Watanzania wengi wamekisahau. Upande wa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya na chini ya tambarare za Amboseli, kuna jiwe jeupe jepesi, mishamu, lile ambalo Waturuki wanalichimba Eskişehir. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ililitumia kutengenezea viko vilivyouzwa nje kwa jina la Kiko, vikiwa na alama ya tembo. Vingine vilikuwa vya jiwe tupu, vingine vya mti vilivyotandikwa jiwe kwa ndani, na vingine vilivishwa ngozi kwa nje. Jiwe letu ni zito na gumu kuliko la Uturuki, kwa hiyo wakusanyaji wa Ulaya hawalipapatikii, na ndiyo maana viko hivi vya mitumba bado vinapatikana kwa bei ya kawaida. Kwa mtu wa Pwani ni chaguo zuri mno. Mishamu inafyonza unyevu, haibadilishi ladha, na haihitaji ule utando wa masizi ambao kiko cha mti lazima kijengewe. Ukikiona kwenye duka la vitu vya kale, kigeuze utafute tembo. Angalia kama bori lina ufa mwembamba, kwa sababu jiwe likianguka kwenye sakafu ya saruji hakuna fundi wa kuliunga.

Hapa ninajua wengi watauliza: je, wachongaji? Bagamoyo na Mwenge hazikosi mafundi wa mpingo, na viko vya mpingo vimepangwa kando ya vinyago vya kila namna. Vinunue kwa mapambo. Mpingo ni mti mzito, haunyonyi maji, na bori lililochongwa jembamba linapasuka likipata moto. Isitoshe, vinyago vingi vinang'arishwa kwa dawa ya viatu, na vingine ni mti mweupe uliopakwa dawa hiyo hiyo ukaitwa mpingo. Kwenye rafu haina neno, lakini ndani ya bori linalowaka utaivuta wewe. Ukiamua kumwagizia fundi kiko cha kuvutia kweli, mwambie ukuta wa bori uwe mnene kama kidole chako kidogo, ndani asipake chochote, na tundu la digali litokee chini kabisa ya bori.

Sharti hilo la mwisho linahusu kiko chochote, cha elfu tano au cha laki tano. Chukua njiti ya ufagio wa chelewa, ipitishe kutoka mdomoni mwa kiko. Iende bila kukwama, na ncha yake ionekane sakafuni mwa bori, katikati. Ikitokea juu, tumbaku ya chini haitaungua kamwe, itabaki tope la kuvundia. Nimeona wauzaji wakikasirishwa na kipimo hiki, na hasira yao ni jibu tosha.

Sasa tumbaku. Wakulima wetu tayari wana majina mazuri ya aina zake, kufuatana na namna ya kuikausha, na ukiyajua utasoma kopo lolote la kigeni. Tumbaku ya mvuke, inayokaushwa ndani ya mabani kwa joto la mabomba, ndiyo ile Wazungu wanaiita Virginia. Tabora, na hasa Urambo na Kaliua, ndiko makao yake makuu nchini. Urambo iliingia kwenye zao hili baada ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka mwaka 1951. Ina sukari nyingi, kwa hiyo ni tamu, lakini inawaka kwa moto mkali, na ukiivuta kwa pupa inaunguza ulimi. Tumbaku ya hewa, yaani Burley, inakaushwa kivulini. Haina sukari, inaungua polepole, ina ladha ya njugu. Tumbaku ya moshi, ambayo Songea na Namtumbo wameizoea, inakaushwa juu ya moto wa kuni. Ina nguvu, ina harufu ya jikoni, na kwenye mchanganyiko inatosha chembe tu. Tumbaku ya Latakia, ya Saiprasi, ni ndugu yake wa mbali: nayo inafukizwa kwa moshi wa kuni.

Makopo yenye picha ya cheri na vanila ndiyo yanayomvuta mnunuzi mpya, na ndiyo mabaya kuliko yote kwa Pwani. Manukato hayo hutiwa pamoja na viungo vinavyozuia tumbaku isikauke, na hewa ya bahari inamalizia kazi. Harufu inawafurahisha waliokaa jirani, mvutaji anabaki na maji ya moto mdomoni. Kwa mwanzo, chagua mchanganyiko mkavu usio na manukato, wenye tumbaku ya hewa nyingi na ya mvuke kidogo, uliokatwa nyuzi pana. Baada ya hapo jaribu wenye Latakia, ambao kwa kawaida unauzwa ukiwa mkavu zaidi na haumwadhibu mvutaji mwenye haraka.

Usijaze kiko kwa sigara zilizopasuliwa. Tumbaku ya sigara imekatwa nyembamba mno, inalipuka kama kifuu kikavu na kuchoma bori. Wala usitumie ile ya tambuu inayouzwa sokoni. Imekusudiwa mdomo, si moto. Tumbaku ya Usambara ni habari nyingine. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita pwani hii mwaka 1857, aliandika kuwa ilikuwa ikifika Unguja kwa vibumba vyembamba vya duara vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Ya kienyeji kama hiyo ikikufikia, ichanganye sehemu moja kwa nne za tumbaku laini, na usiivute kabla hujala. Kizunguzungu chake si cha mzaha.

Na tusifichane: kiko hakiwi salama kwa sababu tu si sigara. Hata asiyemeza moshi anajiweka kwenye hatari ya saratani ya mdomo na koo, na nikotini inapenya kwenye utando wa mdomo. Asiyevuta asianze kwa sababu ya makala haya. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na imepiga marufuku uvutaji kwenye maeneo mengi ya umma. Zaidi ya sheria kuna adabu: mchana wa Ramadhani mjini Bagamoyo, kiko kikae mfukoni.

Kabla ya kujaza, tandaza tumbaku ya mara moja kwenye gazeti, kivulini, nusu saa au zaidi wakati wa masika. Ibinye kwa vidole: ikifumuka yenyewe iko tayari, ikibaki donge bado. Inayobaki iweke kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko cha kukaza, ijae ili hewa iwe kidogo, mbali na dirisha la baharini. Jaza bori kwa kulegeza chini na kukaza kiasi juu; ukinyonya kabla ya kuwasha uhisi kama unavuta maji kwa mrija. Washa kwa kiberiti cha njiti, subiri baruti iishe kwanza, kisha tuliza majivu kwa kichwa bapa cha msumari safi. Kusi likivuma ufukweni, geuka ulipe mgongo, kwa sababu upepo ukiingia borini unageuza kiko kuwa tanuri.

Ukimaliza, acha kiko kipoe ndipo utoe mdomo wake. Ukiutoa kikiwa cha moto utavunja kiungo. Zungushia pamba kidogo kwenye ile njiti ya chelewa, pitisha mpaka itoke kavu, kisha kilaze kiko kwa siku nzima bila kukitumia. Masika kipe siku mbili, na hapo ndipo kile cha pili cha gunzi kinapoingia zamu.